Jina Lililosimamishwa Kazi

Nchi ninayoisimulia haifanani na nchi yoyote mnayoijua. Mkiona inafanana, tatizo ni macho yenu, na Serikali yake imeniomba niwashauri mkapimwe.

Inaitwa Shirikisho. Ina majimbo tisa, Serikali Kuu moja, na Mamlaka ya Uadilifu yenye jengo la ghorofa kumi na nne. Kazi ya Mamlaka ni kuchunguza rushwa. Kwa miaka minne na miezi kumi na moja wachunguzi wake hupumzika, kwa kuwa rushwa ni jambo zito na haifai kuchunguzwa na watu waliochoka. Mwezi wa mwisho kabla ya uchaguzi huamka wote kwa pamoja, wakanawa uso, wakaanza.

Utaratibu wao ni mzuri na nilitamani nchi nyingine ziuige. Kwanza hufunguliwa faili. Kisha hutafutwa mtu wa kuingia ndani ya faili. Kosa hutafutwa mwisho kabisa. Kamishna Pantaleo Ndekesi, mkuu wa wachunguzi, aliwaeleza waandishi wa habari sababu ya mpangilio huo: mtu anaweza kutoroka, lakini kosa litakuwepo tu.

Faili namba themanini na nane lilifunguliwa siku ya Jumatatu, likiwa tupu. Jumanne Kamishna alipigiwa simu na Gavana wa Jimbo la Sita, Mheshimiwa Zefania Limbunga, aliyetaka kujua afya yake, afya ya mkewe, na afya ya mbwa wake. Katika mazungumzo hayo ya afya, kwa bahati tu, lilitajwa jina la diwani wa kata ya Mkwasini. Jumatano diwani huyo alikuwa ndani ya faili. Zilibaki siku kumi na nane kufika siku ya kura.

*

Diwani mwenyewe aliitwa Sihaba Mtengeti. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kuwa diwani, na hata baada ya kuchaguliwa hakuacha. Asubuhi alikuwa zahanati akipokea watoto, alasiri alikuwa kwenye baraza la madiwani akipokea matusi.

Alitukanwa kwa sababu ya chumba. Zahanati ya Mkwasini ina chumba cha kujifungulia chenye madirisha mawili yanayotazama bonde, na upepo wake ni mwanana. Gavana alipita hapo siku moja, akasimama dirishani, akasema ni ukatili kuwapa mandhari kama hayo watu ambao muda wote wamefumba macho na kupiga kelele. Akapendekeza chumba kigeuzwe nyumba ya mapumziko ya viongozi. Mara mbili hoja ililetwa barazani, na mara mbili Sihaba aliiangusha kwa kura moja. Mara ya tatu ingeletwa baada ya uchaguzi. Mpinzani wake kwenye uchaguzi huo alikuwa Festo Limbunga, mtoto wa kaka yake Gavana, kijana mpole mwenye shahada ya usimamizi wa hoteli.

Kwa hiyo Mkwasini walijua hesabu yao. Sihaba akirudi, wanawake watazalia chumbani. Asiporudi, watazalia njiani wakielekea hospitali ya wilaya, kilomita arobaini na mbili za vumbi.

*

Kamishna Ndekesi alifika Mkwasini na magari sita na mchunguzi msaidizi mmoja, Levina Tindwa, msichana mkimya aliyekuwa na tabia isiyo ya kawaida kazini kwao: alisoma karatasi kabla ya kuzipiga muhuri.

Walianzia shuleni. Mwalimu mkuu, Mwalimu Athanasi, aliwapa daftari la mahudhurio. Levina alisoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akarudi wa kwanza.

"Mwalimu," aliuliza, "hawa wote wanaitwa Sihaba?"

"Si wote. Mia mbili na kumi na wawili tu. Wengine wana majina yao."

"Na hawa wavulana?"

"Nao ni Sihaba. Tunatofautisha kwa jina la baba. Na kwa viatu."

Kamishna alilinyakua daftari. Uso wake ulianza kung'aa kama wa mtu aliyeokota pochi.

"Hili," alisema, "ni undugunaizesheni wa kiwango ambacho sijapata kukiona tangu niajiriwe! Diwani amejaza ukoo wake katika shule ya umma, darasa la kwanza mpaka la saba!"

Fundi cherehani mmoja, Bi Havijawa, aliyekuwa ameleta sare za shule, aliangua kicheko. "Mheshimiwa, hao si ukoo wake. Huku kwetu mtoto hupewa jina la aliyempokea. Ukizalishwa na Sihaba, unaitwa Sihaba. Wangu mwenyewe yuko darasa la kwanza. Mbishi huyo! Lakini si ndugu yake diwani, ni ndugu yangu mimi, bahati mbaya."

"Mama, usinifundishe kazi," alisema Kamishna. "Mimi natoka makao makuu. Waziri wa Ardhi ni Limbunga. Waziri wa Maji ni Limbunga. Mkurugenzi wa Bandari ni Limbunga, na wa Mafuta ni Limbunga Mdogo. Wote ni ndugu wa tumbo moja. Jina likijirudia, pana undugu. Huo ndio uzoefu wangu wa miaka ishirini."

Levina aliinua mkono kwa woga. "Afande, basi si tungeanzia kwa hao?"

"Hao tunawajua," alisema Kamishna kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto. "Unachunguza usichokijua."

*

Mahojiano na mtuhumiwa yalifanyika zahanati, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na wajawazito wanne na Sihaba alikataa kutoka. Kamishna aliketi kwenye mizani ya kupimia watoto, akidhani ni kiti.

"Una watoto wangapi?"

"Sina."

"Mia mbili na kumi na wawili wako shuleni."

"Hao nimewapokea. Kuna wengine mia tatu na kitu wameshakuwa watu wazima. Mmoja ni askari wako, yule aliyesimama mlangoni. Alitanguliza miguu."

Askari wa mlangoni alitazama chini.

"Nimeuliza watoto wako wewe," alisema Kamishna.

Sihaba alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kuikunja mpaka ikawa ndogo sana. "Nilizaa mara moja," alisema. "Hakulia. Baada ya hapo ndipo nikajifunza ukunga."

Levina aliacha kuandika.

"Andika," alisema Kamishna. "Andika kwamba mtuhumiwa amekataa kutoa ushirikiano."

*

Hapo ndipo ilipofuata Sheria ya Heshima ya Majina. Ni sheria yenye huruma. Inasema kwamba mtu anapochunguzwa, jina lake lisichafuliwe. Na njia ya uhakika ya kutolichafua ni kutolitumia kabisa. Kwa hiyo jina husimamishwa kazi. Halitamkwi hadharani, haliandikwi, halibandikwi, wala haliwekwi kwenye karatasi ya kura, mpaka uchunguzi ukamilike. Yote haya ni kwa faida ya mtuhumiwa.

Jina la Sihaba lilisimamishwa Ijumaa saa tatu asubuhi. Saa tatu na dakika tano Mwalimu Athanasi alifungua daftari kuita mahudhurio, akalifunga, akawaambia watoto wajihesabu wenyewe. Askari walipita zahanati wakakusanya kadi za chanjo. Mchana, Bi Havijawa alichungulia dirishani kumwita mwanawe aje kula, akakumbuka, akaita, "Wewe!" Wakaja watoto kumi na saba, na wote wakala.

Jioni hiyo wanawake wa mtaa walimkuta amekaa barazani kwake na sufuria tupu.

"Shoga, vipi?"

"Nimelishwa sheria," alisema Bi Havijawa. "Kesho nitaita kwa filimbi."

Alikamatwa kesho yake kwa kupiga filimbi kwa nia ya kutamka. Wakamwachia alipoonyesha kwamba hakuwa na hati ya kumiliki filimbi, jambo ambalo lilipaswa kuchunguzwa na idara nyingine.

*

Wananchi wakaomba kuuliza maswali. Serikali Kuu haina tatizo na maswali. Iliandaa mkutano kwenye uwanja wa shule, ikaleta turubai, viti, vipaza sauti, na majibu yaliyokwisha kuchapwa, kurasa tisa. Kilichokosekana kilikuwa maswali tu, na hayo wangeyaleta wananchi.

Bi Havijawa alisimama wa kwanza. "Mheshimiwa Kamishna, diwani amekaa madarakani miaka mitano. Kwa nini mmekuja sasa?"

Kamishna alifungua ukurasa wa pili. "Ndugu wananchi, uadilifu hauna msimu. Mamlaka haitazami kalenda, haitazami uchaguzi, haitazami sura ya mtu. Mamlaka inatazama mbele."

"Sawa. Lakini kwa nini sasa?"

"Ukurasa wa tatu," alisema Kamishna. "Mwenye kuuliza 'kwa nini sasa' ana nia ya kuchelewesha haki."

"Mimi sicheleweshi. Ningependa mmalize leo. Zimebaki siku kumi na mbili. Mkimaliza leo jina lake litarudi kwenye karatasi ya kura."

Watu wakapiga makofi. Kamishna alifunua ukurasa baada ya ukurasa, lakini jibu la swali hilo halikuwa limechapwa.

"Na swali langu la pili," aliendelea Bi Havijawa, na sauti yake ikashuka. "Mwanangu ana miaka sita. Jana ameniuliza, 'Mama, nimeiba nini?' Mimi sikuwa na cha kumjibu. Wewe una karatasi zote hizo. Nisomee nikamwambie."

Kamishna alitangaza kwamba muda wa maswali umekwisha, akaanza kusoma majibu yaliyobaki.

*

Levina Tindwa hakulala vizuri baada ya mkutano ule. Kwa siku tatu alizunguka Mkwasini akiuliza majina ya watoto na majina ya wakunga waliowapokea. Aligundua kwamba upande wa mashariki wa kata, ambako mkunga wa zamani aliitwa Mzelekezi, kulikuwa na Wazelekezi tisini na wanne, na miongoni mwao alikuwemo mwenyekiti wa chama cha Gavana. Akaandika taarifa ya kurasa tatu: hakuna ndugu, hakuna rushwa, kuna desturi, jina liachiwe.

Kamishna aliisoma yote, jambo la nadra.

"Kazi nzuri sana," alisema. "Safi. Imenyooka. Ndiyo maana haiwezi kutoka kabla ya uchaguzi."

"Kwa nini, afande?"

"Binti, Mamlaka haiegemei upande wowote. Tukimsafisha mgombea siku nane kabla ya kura, si tutakuwa tumeingilia uchaguzi?"

Taarifa ikawekwa kabatini, kabati likafungwa, na ufunguo ukapelekwa likizo.

*

Karatasi za kura za Mkwasini zilikuwa na nafasi mbili. Nafasi ya kwanza: Limbunga, Festo. Nafasi ya pili ilikuwa nyeupe, kwa sababu jina lililopaswa kukaa hapo lilikuwa limesimamishwa, na sheria ya uchaguzi inakataza nafasi kufutwa baada ya kuidhinishwa.

Wana Mkwasini waliuona ule weupe kwenye karatasi ya mfano iliyobandikwa nje ya ofisi ya kata. Kesho yake walifanya mkutano wa kampeni. Watu elfu tatu walikusanyika uwanjani, wakasimama saa nzima bila kusema neno, wakaondoka. Polisi walikuja na mabomu ya machozi, lakini hawakuweza kutawanya kelele ambazo hazikuwepo. Festo Limbunga alifanya mkutano wake siku hiyo hiyo, akaahidi taulo safi na maji ya moto kwa kila kiongozi atakayetembelea kata. Walihudhuria watu kumi na tisa, wengi wao wakiwa wa kufunga turubai.

Gavana alipoletewa habari alishika kichwa. "Weupe utatushinda," alisema. "Jazeni hiyo nafasi."

"Tujaze nani, Mheshimiwa?" aliuliza mwanasheria wake. "Muda wa kuchukua fomu umepita. Mgombea aliyeidhinishwa na ambaye jina lake halina kasoro ni mmoja tu, Festo."

"Basi muweke huyo huyo. Atashinda pande zote."

Hivyo siku mbili kabla ya kura zikaja karatasi mpya. Nafasi ya kwanza: Limbunga, Festo. Nafasi ya pili: Limbunga, Festo. Mamlaka ya Uadilifu ilisifu usawa huo kati ya wagombea, ikasema haujapata kuonekana katika Shirikisho.

*

Uchaguzi ulikuwa huru, wa haki na wa haraka. Watu waliingia, wakaweka alama, wakatoka wakitabasamu kidogo. Saa kumi na mbili jioni msimamizi wa uchaguzi alipanda jukwaani.

"Limbunga, Festo, wa nafasi ya kwanza: kura kumi na tisa. Limbunga, Festo, wa nafasi ya pili: kura elfu tano mia mbili na kumi na nane."

Uwanja ulilipuka kwa vifijo. Festo aliinua mikono juu, kisha akaishusha taratibu, maana aliona hakuna aliyekuwa anamtazama.

"Nimeshinda?" alimuuliza msimamizi.

"Umeshinda kwa kishindo, Mheshimiwa. Hongera." Msimamizi akamsogezea fomu. "Sasa mshindi asaini hapa, na aliyeshindwa asaini pale, kukubali matokeo."

"Aliyeshindwa ni nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Mimi ni Limbunga. Hatujawahi kusaini sehemu hiyo."

"Bila sahihi ya aliyeshindwa siwezi kukutangaza."

Festo alimpigia baba yake mdogo simu. Gavana alisikika mpaka safu ya tatu: mtu wa ukoo wao hasaini kushindwa, hata akishindwa na nani! Basi Festo alisaini kama mshindi, akakataa kusaini kama aliyeshindwa. Na kifungu cha kumi na moja cha fomu kinasema mgombea asiyekubali matokeo atahesabiwa kuwa amemlalamikia mshindi kwa udanganyifu, na lalamiko litumwe mara moja kwa Mamlaka ya Uadilifu.

Lilipofika ghorofa ya kumi na nne, wachunguzi wote walikuwa wameshaanza mapumziko yao ya miaka minne na miezi kumi na moja. Alibaki Levina Tindwa, kwa kuwa alikuwa mdogo kazini na hakupangiwa likizo. Alisoma lalamiko. Limbunga anamlalamikia Limbunga kwa kupata kura elfu tano bila kufanya kampeni. Alitafakari kidogo. Akafungua faili namba themanini na tisa, na kwa kuwa sheria ni sheria, akachukua muhuri akalisimamisha jina la Limbunga.

*

Siku tisa zilizofuata hazitasahaulika makao makuu. Mabango yalishushwa barabarani. Vigogo wanne walishindwa kuingia ofisini kwa sababu walinzi hawakuweza kusoma vitambulisho vyao kwa sauti. Msomaji wa taarifa ya habari alisema, "Leo, yule wa Ardhi amekutana na yule wa Maji, na kwa pamoja wakampigia simu yule wa Mafuta." Gavana wa Jimbo la Sita alijaribu kutia sahihi amri ya kujiachia jina, akakumbushwa kwamba sahihi yake ni jina lake. Alilia. Nasikia alisema ni unyama kumnyima mtu jina lake hata siku moja, na kwamba hakujua sheria kali namna hiyo ilipita vipi. Ilipita kwa hoja yake mwenyewe.

Siku ya kumi Bunge liliketi kwa dharura, likarekebisha. Sheria ya Heshima ya Majina sasa inasema kwamba jina la mtu mwenye wadhifa haliwezi kusimamishwa, kwa kuwa tayari linaheshimiwa. Majina yasiyo na wadhifa yataendelea kulindwa kama zamani. Mabango yakarudi. Levina Tindwa alipandishwa cheo, akapelekwa kwenye kituo cha mpakani kuchunguza uadilifu wa vipimo vya mvua.

Festo peke yake hakunufaika. Alikuwa hajaapishwa, kwa hiyo hakuwa na wadhifa. Na hakuweza kuapishwa, kwa sababu jina lake limesimamishwa. Kesi yake iko mahakamani. Amejishtaki, amekana, na ana mawakili wawili ambao hawasalimiani. Kata ya Mkwasini haina diwani mpaka hukumu itoke, na sheria ya baraza inasema kwamba katika kata isiyo na diwani hakuna jengo la umma linaloweza kubadilishiwa matumizi.

*

Sihaba hakupata kiti chake. Jina lake halijaachiwa mpaka leo, na ripoti ya kurasa tatu bado iko kabatini. Watoto bado wanajihesabu wenyewe.

Wiki iliyopita tarishi wa Mamlaka aliingia zahanati ya Mkwasini na bahasha. Alisimama katika mlango wa chumba cha kujifungulia, upepo wa bonde ukipeperusha pazia.

"Namtafuta… namtafuta mhusika," alisema.

"Mhusika ana mikono miwili na yote ina kazi," alijibu Sihaba bila kugeuka. "Isome kutoka hapo hapo. Usitazame huku."

Tarishi alitazama ukuta, akasoma. Mamlaka ilimshukuru mhusika kwa ushirikiano wake. Ilifurahi kumjulisha kwamba uchunguzi dhidi yake umefikia hatua nzuri. Umeahirishwa kwa sasa, na utaendelea mwezi mmoja kabla ya uchaguzi ujao. Mhusika anaombwa asihame.

Mwanamke aliyekuwa kitandani alitumia nafasi ya uchungu kupoa. "Wanasemaje?" aliuliza, akihema.

"Wanasema watakuja baada ya miaka mitano," alisema Sihaba. "Huyu anakuja sasa. Kaka, funga mlango, wewe ukiwa nje."